Umechoka na Maisha? Hili Ndilo Pumziko Ambalo Yesu Aliwaahidi Wenye Mizigo

Saa nane usiku na usingizi hauji. Kodi ya nyumba inaisha wiki ijayo, ada ya mtoto bado, na simu umeizima sauti kwa sababu ikiita tu unajua ni mtu wa mkopo. Asubuhi utaamka, utapanda daladala, na ukiulizwa habari utajibu "nzuri tu".

Kama hayo ndiyo maisha yako kwa sasa, bila shaka kuna mtu ameshakwambia, "Mpelekee Yesu mizigo yako." Ni ushauri unaotolewa kila mahali, kuanzia kanisani mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp. Shida ni kwamba wengi wanaoutoa hawaelezi unampelekeaje, na ukishampelekea nini kinabadilika. Maana Jumatatu mwenye nyumba atagonga mlango vilevile.

Hebu tuliangalie jambo hili taratibu.

Ahadi yenyewe inasemaje?

Iko kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 11, mstari wa 28 hadi 30. Ni mistari mitatu tu, lakini imebeba mambo mengi.

Yesu anawaita watu wa aina mbili. Injili iliandikwa kwa Kigiriki, na maneno mawili yaliyotumika pale hayafanani. La kwanza linamhusu mtu aliyechoka kwa kazi yake mwenyewe, yule aliyetoka jasho mpaka nguvu zimemwishia. La pili linamhusu mtu aliyepakiwa mzigo na wengine, kama punda anavyopakiwa magunia.

Tofauti hiyo ni muhimu. Kuna uchovu unaotokana na kuhangaika kwako, na kuna uchovu wa kubebeshwa: madeni ya ndugu, matarajio ya familia, maneno ya watu, hata sheria za dini. Ahadi inawagusa wote wawili.

Waliomsikiliza siku ile walikuwa watu wa Galilaya, wengi wao wavuvi na wakulima wadogo. Dola ya Roma ilikuwa inawadai kodi kupitia watoza ushuru ambao watu waliwachukia. Hekalu nalo lilikuwa na zaka na sadaka zake. Juu ya hapo kulikuwa na walimu wa dini waliozidi kuongeza masharti ya namna ya kumpendeza Mungu. Kwenye sura ya 23 ya Injili hiyohiyo, Yesu anawalaumu viongozi hao kwa kuwatwisha watu mizigo ambayo wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole.

Kwa hiyo aliposema atawapumzisha, waliosikia walijua anazungumzia maisha yao ya kila siku.

Mbona anampa mchovu nira?

Hapa ndipo wengi hupita haraka. Baada ya kuahidi pumziko, Yesu anawaambia watu wajitie nira yake. Sasa nira si kitanda. Ni kifaa cha kazi!

Kwa aliyekulia mjini, nira ni ule mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe wawili ili wavute jembe au mkokoteni kwa pamoja. Ukienda vijijini Shinyanga, Simiyu au Mwanza msimu wa kulima utaiona kwa macho yako: maksai wawili, mti mmoja, plau inafuata nyuma.

Wanaofundisha maksai wana mbinu moja ya zamani. Ng'ombe mgeni hafungwi na mgeni mwenzake. Anafungwa na yule mzoefu, anayejua mstari na anayejua mwendo. Mzoefu ndiye anayeongoza, na mgeni anajifunza kwa kutembea pembeni yake.

Ukiisoma ahadi ile kwa jicho la mkulima, inaeleweka. Yesu hasemi kazi itaisha. Anasema hutavuta peke yako, na utajifunza mwendo kutoka kwake. Tena neno la Kigiriki analotumia kuielezea nira yake lina maana ya kitu kizuri, kinachofaa. Mkulima anajua kwamba nira isiyomkaa vizuri ng'ombe humtia kidonda shingoni hata kama mzigo ni mdogo. Inayomkaa vizuri humwezesha kuvuta mchana kutwa.

Watu wawili wanaweza kuwa na kazi ileile na matatizo yaleyale, mmoja akavunjika na mwingine akasimama. Mara nyingi tofauti iko kwenye nira.

Pumziko hilo lina sura tatu

*Kwanza, pumziko la dhamiri.* Kuna mzigo usioonekana kwenye akaunti ya benki: hatia. Ulimtendea mtu vibaya, ulimwacha mzazi akafa mkiwa hamsemeshani, ulifanya jambo ambalo hata rafiki yako wa karibu halijui. Imani ya Kikristo inasema msamaha umeshapatikana kupitia Kristo, na hauhitaji kuulipia kwa kujiadhibu maisha yako yote. Unatubu, unarekebisha unachoweza kurekebisha, unaendelea.

*Pili, pumziko la kutojithibitisha.* Siku hizi thamani ya mtu inapimwa kwa anachopost, gari, kazi na ndoa. Biblia ina jibu la zamani sana kwa hili, nalo ni Sabato. Kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 5, Waisraeli wanaamriwa kupumzika siku moja kila wiki, na sababu inayotolewa ni kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hana siku ya kupumzika. Thamani yake ni kazi yake. Aliyekombolewa anaweza kuacha kazi kwa siku moja na bado akabaki mtu. Amri ile iliwahusu hata watumishi, wageni na mifugo.

*Tatu, pumziko la kutobeba peke yako.* Kwenye Wagalatia sura ya 6, mtume Paulo anasema kitu kinachoonekana kujipinga. Mstari wa 2 anawataka Wakristo wabebeane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba wa kwake. Kumbe Kigiriki kinatumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni mzigo mzito unaoelemea, la pili ni furushi la kawaida la msafiri. Na hilo la pili ndilo Yesu alilotumia kwenye Mathayo 11 aliposema mzigo wake ni mwepesi.

Yaani una furushi lako: kulea wanao, kufanya kazi kwa uaminifu, kulipa unachodaiwa. Hilo utalibeba. Lakini msiba, ugonjwa mrefu au kufukuzwa kazi si furushi la mtu mmoja. Hapo wengine wanatakiwa waingie.

Mungu alianza na chakula, si mahubiri

Kuna watu wakichoka huanza kujilaumu kwamba imani yao ni ndogo. Wasome 1 Wafalme sura ya 19.

Nabii Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa, halafu akapokea vitisho vya kuuawa. Akakimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Nabii, si mtu wa imani haba!

Angalia kilichofuata. Hakukemewa. Alilala. Malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji. Akalala tena. Akaamshwa tena, akala tena. Mazungumzo kuhusu kazi yake na hofu yake yalikuja baadaye sana, baada ya safari ya siku 40.

Somo ni la wazi. Mwili uliochoka unahitaji usingizi na chakula kabla ya maelezo. Wakati mwingine jambo la kiroho kuliko yote unaloweza kufanya usiku wa leo ni kuweka simu mbali na kulala.

Tahadhari: pumziko halinunuliwi

Mtu aliyelemewa ni rahisi kudanganywa. Ataambiwa atoe sadaka ya kufungua milango, anunue maji, akanyage mafuta, alale kanisani siku kadhaa.

Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi walipokuwa wakisukumana kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Walikwenda pale wakiwa na magonjwa, madeni na shida za kifamilia kama za kwako na zangu. Walikuwa wanatafuta nafuu.

Kipimo kipo kwenye ile ahadi yenyewe. Mwaliko wa Mathayo 11 hauna bei. Ukikuta mahali ambapo kila ukienda unatoka na mzigo mpya wa kulipia, na ukihoji unatishiwa laana, hiyo ni nira nyingine. Siyo ile iliyoahidiwa.

Na deni je?

Tuseme ukweli: imani haifuti mkopo. Lakini Biblia haikulisahau suala hili.

2 Wafalme sura ya 4 inasimulia habari za mjane aliyeachiwa deni na marehemu mumewe. Mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ile ndiyo ilikuwa "kausha damu" ya enzi hizo. Nabii Elisha akamuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ndogo ya mafuta. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, mafuta yakaongezeka mpaka vyombo vyote vikajaa. Kisha akapewa maelekezo ambayo wahubiri wengi huyapita: auze mafuta, alipe deni, aishi na wanawe kwa kitakachobaki.

Muujiza ule uliishia sokoni na kwa mdai. Alichokuwa nacho kilihesabiwa, majirani walihusishwa, deni likalipwa.

Kwa leo, maana yake ni kukaa chini na karatasi, uandike kila unayemdai na kila anayekudai. Maana yake ni kuacha kukopa kwenye programu moja ili ulipe nyingine. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Hakikisha anayekukopesha ana leseni. Na kama mkopeshaji anawatumia watu waliomo kwenye simu yako ujumbe wa kukudhalilisha, fahamu kwamba ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo tume inayopokea malalamiko. Kudaiwa hakumwondolei mtu utu wake.

Unaanzia wapi?

*Utaje mzigo kwa jina.* Sala haihitaji lugha ya kupendeza. Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na nyingi ni vilio na malalamiko. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, wala haikuondolewa kwenye Biblia. Mwambie Mungu kiasi unachodaiwa, jina la mtu aliyekuumiza, jambo unaloliogopa.

*Gawanya.* Chora safu tatu: furushi langu, ninapohitaji msaada, nisichoweza kukibadilisha. Safu ya tatu ndiyo ya kuachia. Itarudi kesho kichwani, na utaiachia tena. Ndivyo inavyokuwa.

*Mwambie mtu mmoja.* Anaweza kuwa mchungaji, padri, mama wa jumuiya au rafiki mwenye kifua. Hata Yesu, usiku wa Gethsemane, aliwaomba rafiki zake watatu wakeshe naye. Kama yeye aliomba, wewe unaona aibu ya nini?

*Weka muda wa kupumzika na uulinde.* Kama biashara yako haikuruhusu siku nzima, anza na jioni moja bila kuhesabu hela na bila simu.

*Nenda hospitali inapobidi.* Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukipoteza hamu ya kila kitu, au ukianza kuwaza kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Usisubiri. Mwambie mtu leo na ufike kituo cha afya kilicho karibu. Huduma za afya ya akili zipo kwenye hospitali za rufaa, na Mirembe iliyoko Dodoma ni hospitali maalumu kwa magonjwa hayo. Kumeza dawa na kusali havigombani, kama mkate wa Eliya na sala yake havikugombana.

Amani inaweza kufika kabla ya majibu

Wimbo unaoimbwa kwenye misiba mingi huku kwetu, ule wa "Ni Salama Rohoni", uliandikwa na mwanasheria wa Chicago aitwaye Horatio Spafford. Mwaka 1873, binti zake wanne walikufa baada ya meli ya Ville du Havre kugongana na nyingine kwenye Bahari ya Atlantiki. Mke wake, Anna, alinusurika. Miaka miwili kabla ya hapo, moto mkubwa wa Chicago ulikuwa umeshawatia hasara.

Alipoandika wimbo ule hakuna kilichokuwa kimerudishwa. Watoto hawakurudi. Amani anayoizungumzia haikutokana na mambo kukaa sawa.

Na hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Ukimpelekea Yesu mzigo, huenda Jumatatu mwenye nyumba akagonga vilevile. Kinachobadilika ni kwamba atakayefungua mlango amelala usiku, ana mpango kwenye karatasi, kuna mtu mmoja anayejua hali yake, na hajioni kuwa thamani yake imelingana na kodi anayodaiwa. Kwa aliyekesha wiki nzima, hiyo si nafuu ndogo.