Usanifu na Ukerezaji wa Kalamu ya Wino Bila Seti ya Vipande Tayari: Uzoefu wa Maneromango, Kisarawe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna kalamu ya wino, yaani kalamu ya nibu yenye hazina ya wino ndani yake, inavyosanifiwa na kukerezwa pasipo kutumia seti ya vipande vilivyotengenezwa tayari. Msingi wake ni kalamu mbili ambazo mwandishi alizitengeneza Maneromango, wilayani Kisarawe, mkoa wa Pwani. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili inaandika, na rasimu ya makala haya iliandikwa kwayo.

Katika kalamu ya seti, fundi hununua mrija wa shaba, hesi za chuma na kifuniko chenye pete zake. Kazi yake hubaki kugundisha mti juu ya mrija na kuukereza mpaka ulingane na pete hizo. Mti huwa gamba tu, nao ukipasuka kalamu haivunjiki. Pasipo seti, mti wenyewe hubeba hesi, hubana shingo ya kalamu na huzuia hewa isikaushe nibu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugumu wote wa kazi hii unakusanyika katika ukuta wa mti wenye unene wa milimita moja hivi, na kwamba ukuta huo huamuliwa kwa hesabu kabla patasi haijagusa mti. Ni vyema kukiri mapema kwamba nibu na kilishi chake vilinunuliwa. Kutengeneza nibu ni ufundi wa vyuma, nao hauhusiki hapa.

2.0 Kalamu na keezo katika upwa

Hitaji la kalamu yenye wino ndani yake ni la kale. Kadhi al-Nu'man, mwanazuoni wa dola ya Wafatimi, alisimulia jinsi Khalifa al-Mu'izz alivyotaka, katika karne ya 10, kalamu isiyochafua mikono na isiyohitaji kuchovywa kila mara. Katika upwa wetu, wanakili wa Kurani wa Siyu, kisiwani Pate, waliendelea kuchovya kalamu za tete hadi karne ya 19. Tatizo la kuthibiti wino usimwagike lilipata ufumbuzi wa kutegemewa mwaka 1884, Lewis Waterman alipopewa hataza nchini Marekani kwa kilishi chenye vijia vyembamba: wino ukishuka, hewa hupanda kuchukua nafasi yake. Hewa ikikosa njia, wino hukwama. Ikiingia kwa wingi, wino hutiririka karatasini.

Kuhusu ukerezaji, Kiswahili hakina upungufu. Kitenzi kukereza na nomino keezo vimo katika kamusi za zamani, na matendegu ya vitanda vya kale vya upwa ni ushahidi wa kazi yenyewe. Fundi wa karakana aliyemwazima mwandishi keezo yake aliiita "leti", lakini kazi aliiita kukereza bila kusita. Chombo kimepata jina la mkopo, kitendo kimebaki na jina lake. Jambo hilo linastahili utafiti wake mbali na huu.

3.0 Hesabu ya ukuta

Usanifu huanza na nibu, hata kama jicho hutamani kuanza na umbo la nje. Nibu iliyotumika ni ya ukubwa unaojulikana kama namba 6. Hukaa ndani ya kikombe chenye hesi ya nje ya kipenyo kisichofika milimita 8, na kikombe hicho hufungwa ndani ya shingo, yaani sehemu inayoshikwa na vidole. Nyuma ya shingo hukaa kifyonza wino. Ili kifyonza kipite bila kukwaruza, mwili wa kalamu ulitobolewa tundu la milimita 9. Mdomoni mwa tundu hilo hukatwa hesi ya ndani ya kupokea shingo, nayo hufika kipenyo cha milimita 10. Juu ya mdomo huohuo, upande wa nje, hukatwa hesi ya pili ya kupokea kifuniko. Hivyo mti huliwa ndani na nje mahali pamoja.

Watengenezaji wengi wa kalamu hutumia kwa kifuniko hesi ya milimita 13 yenye hatua ya 0.8 na mianzo mitatu. Mianzo mitatu hufanya kifuniko kisogee milimita 2.4 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hufunguka kwa mizunguko miwili hivi. Tapu na dai za aina hiyo huagizwa kutoka nje. Kilichopatikana kwa urahisi ni tapu na dai za mafundi wa magari na pikipiki, ambao hurekebisha matundu ya plagi yaliyoharibika. Plagi za baadhi ya pikipiki zina hesi ya milimita 10 yenye hatua ya 1, nyingine milimita 12 yenye hatua ya 1.25, na za magari mengi milimita 14 yenye hatua ya 1.25.

Ile ya 10 ilifaa kwa shingo moja kwa moja. Kwa kifuniko, mwandishi alivutiwa na ya 12 kwa kuwa ingetoa kalamu nyembamba. Hesabu ilikataa. Kina cha hesi upande mmoja ni takribani 0.61 ya hatua yake, kwa hiyo hesi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25 huacha kiini cha milimita 10.5. Ukiondoa milimita 10 zilizoliwa ndani na kugawa kwa mbili, ukuta unaobaki ni robo ya milimita. Hakuna mti unaostahimili hivyo. Hesi ya 13 ingeacha milimita 1; ya 14 huacha milimita 1.2. Ilichaguliwa ya 14, na gharama yake ilionekana mara moja: kifuniko kilihitaji kipenyo cha nje cha milimita 17, nacho hufungwa kwa mizunguko minne. Kalamu ni nene. Aliyeishika wa kwanza kijijini aliuliza kama ni tendegu la kitanda cha mtoto.

4.0 Mti

Mpingo ndio mti wa kwanza kufikiriwa. Huzama majini kwa uzito wake, una chembe laini zinazoshika hesi, na waunda klarineti na oboi huutegemea kwa sifa hizohizo. Udhaifu wake ni kwamba hukauka polepole mno, nao ukikaushwa kwa haraka hupasuka.

Kalamu ya kwanza ilitokana na tawi lililokauka nje tu. Ilikerezwa vizuri, ikang'aa, na siku ya kumi na mbili ufa ulitokea mdomoni mwa kifuniko, palepale penye hesi. Kosa lilikuwa la mwandishi kukosa subira. Kalamu ya pili ilitokana na mchi wa kinu uliovunjika, uliokuwa umeegemezwa jikoni kwa bibi yake kwa miaka isiyohesabika. Mti wa mchi umekwisha kumaliza kusinyaa; tena hakuna haja ya kukata mpingo hai, ambao uvunaji wake huhitaji kibali na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 2017. Bibi aliutoa kwa sharti kwamba kipande kilichobaki kirudi jikoni.

Katika kutoboa, joto ndilo adui. Tundu lilianza na keekee ya milimita 5 na kupanuliwa kwa hatua, keekee ikitolewa kila baada ya milimita chache ili vumbi litoke. Kipande kilichotobolewa kiliachwa wiki tatu kabla ya kukerezwa kwa kipimo cha mwisho. Kabla ya dai kupita, sehemu ya hesi ililoweshwa gundi nyepesi ya supa glu na kuachwa ikauke, kisha dai ikazungushwa kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, hivyo barakoa ni ya lazima.

5.0 Shingo na kifuniko

Shingo haikutengenezwa kwa mti. Mti unaogusa wino kila siku hunywa na kuvimba, na pembe ya ng'ombe, iliyopendekezwa na wengi, ina tabia hiyohiyo. Ilitumika akriliki, ingawa ebonaiti ingefaa zaidi.

Jambo lililobaki ni hewa. Tundu la kifuniko lilipakwa vanishi mara tatu, kwa kuwa ncha ya mti iliyokatwa hupitisha hewa kuliko ubavu. Kipimo kilikuwa rahisi: kalamu iliyojazwa wino ilifungwa na kulazwa mezani, kisha ikajaribiwa kwa kuandika herufi moja bila kuitikisa. Kwa tabaka moja la vanishi ilikauka usiku mmoja. Kwa tabaka tatu iliandika baada ya siku nne. Siku ya tano ilikwaruza, ikahitaji kuchovywa.