Makapi na Maganda ya Kyela Yanaweza Kunasa Hewa Ukaa

Mitungi ya wafinyanzi wa Kikisi husafiri kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ukijaza maji jioni, asubuhi utaukuta mtungi umetoka jasho, na maji ndani yamepoa. Udongo uliochomwa una vinyweleo. Maji hupenya humo, hufika nje, hukauka na kuondoka na joto. Akina mama wa Ikombe wameijua siri hiyo vizazi na vizazi.

Siku hizi maabara nyingi duniani zinatafuta siri inayokaribiana na hiyo ya vinyweleo ndani ya mkaa. Kiswahili chetu kimeshayakutanisha mambo haya mawili: mkaa, na hewa ukaa inayoipasha dunia joto. Mkaa ukitengenezwa kwa ustadi, unaweza kuinasa hewa hiyo.

Jambo lenyewe si geni kabisa. Mwaka 1773 mkemia Carl Wilhelm Scheele aligundua kwamba mkaa hufyonza gesi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari walivaa vinyago vyenye mkaa ili wasivute hewa ya sumu. Kipya ni ukubwa wa vinyweleo vinavyotafutwa. Ili kuishika hewa ukaa vizuri, tundu linatakiwa liwe na upana usiofika nanomita moja, yaani chini ya sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli ikiingia humo hubanwa na kuta za pande zote, ikatulia. Matundu hayo ni mengi mno: gramu moja ya mkaa mzuri ina kuta zenye eneo la mita za mraba 1,000 hadi 3,000. Gramu tano tu zinaweza kufikia eneo la uwanja wa mpira.

Uzuri mwingine ni kwamba mshiko huo ni mwepesi. Ukipunguza mgandamizo au ukipasha moto kidogo, mkaa huiachia hewa uliyoinasa, nayo huhifadhiwa au hutumika, kisha mkaa ule ule unarudi kazini.

Kyela inaingiaje hapa? Kwa mpunga na kakao. Katika kila kilo 100 za mpunga unaokobolewa, karibu kilo 20 ni makapi. Kwenye tunda la kakao, ganda pekee ni kama robo tatu ya uzito wote. Mchele wa Kyela unasifiwa hadi Dar es Salaam na kakao yake inavuka bahari, ila makapi huishia kwenye malundo na maganda huozea shambani.

Watafiti wa nchi mbalimbali wameshatengeneza mkaa wa vinyweleo kwa mabaki ya aina hizo mbili. Kwanza huchomwa bila hewa ya kutosha, yasiwe majivu. Kisha mkaa hupashwa tena, kwa nyuzi joto 700 hadi 900 za Selsiasi, pamoja na mvuke au chumvi za potasiamu zinazotoboa matundu. Makapi ya mpunga yana silika nyingi. Ikiyeyushwa na kuondolewa, huacha nafasi nyingine tupu. Majivu ya ganda la kakao nayo yana potasiamu kwa wingi, madini yale yale ya kutobolea. Wilaya moja ina malighafi na dawa yake.

Hata hewa ukaa yenyewe haiko mbali. Ukipanda kutoka Kyela kuelekea Rungwe, unafika kwenye mlima Kyejo, volkano iliyolipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800. Huko hewa ukaa hupanda kutoka chini ya ardhi, na kampuni ya TOL huivuna, huisafisha na kuijaza kwenye mitungi ya gesi kwa ajili ya viwanda vya vinywaji.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Hewa tunayovuta ina hewa ukaa kiasi cha sehemu 4 tu katika 10,000, na mkaa huu huinasa kwa shida sana ikiwa kidogo hivyo. Unyevu nao huziba matundu, na ufukwe wa Nyasa una mvua nyingi. Kazi ambayo mkaa unaiweza ni pale hewa ukaa inapokuwa nyingi: kwenye bomba la moshi, au kwenye gesi ya samadi, ambayo karibu asilimia 40 yake ni hewa ukaa. Hewa ukaa ikichujwa, gesi hiyo ya samadi huwaka jikoni kwa nguvu zaidi. Na mkaa huu ukitengenezwa kwa kukata miti, tutakuwa tumebomoa kwa mkono mmoja tunachojenga kwa mwingine. Utoke kwenye mabaki tu.

Kwa hiyo tuanze kidogo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko saa chache kwa gari kutoka Kyela. Wanafunzi wake washuke na magunia, waongee na wenye mashine za kukoboa na vyama vya ushirika vya kakao (AMCOS), wachome, wapime, na waujaribu mkaa huo kwenye mtambo mmoja wa gesi ya samadi. Halmashauri iwape eneo na SIDO, shirika la viwanda vidogo, iwape mafundi. Nawe mwenye mashine, kabla hujalitia moto lundo la makapi nyuma ya banda lako, fahamu kwamba unateketeza mali.