Gari Lilipochemsha Njiani Kwenda Ukweni

Wapo wanaoikumbuka safari yao ya kwanza ya ukweni kwa sababu ya gauni walilovaa. Mimi naikumbuka kwa sababu ya mshale mmoja mdogo, hauzidi urefu wa kidole cha mtoto, uliokaa kwenye dashibodi kati ya herufi C na herufi H.

Tulitoka Mwanza saa kumi na moja alfajiri, mimi na mchumba wangu, tunakwenda kwao Nyakunguru, Tarime. Wazee walitupa saa sita mchana. Mama yake kachinja mbuzi, mashangazi wengine wamevuka mto Mara kutoka upande wa Serengeti ili wamwone huyo binti wa mjini anayesifiwa kila siku kwenye simu. Buti imejaa: vitenge, sukari, blanketi la bibi. Siku kama hiyo ukichelewa, unasemwa mpaka wajukuu zako wasikie.

Mpaka Bunda raha mustarehe. Muziki, karanga, utani wa hapa na pale. Tukavuka daraja la Kirumi, na baada ya hapo barabara ikaanza kupanda. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko karibu mita 1,500, kwa hiyo hata kama macho hayaoni mlima mkubwa, injini inauhisi. Mimi si fundi, ila abiria hana kazi, macho yake yanazurura. Nikaona mshale uliokuwa umetulia katikati tangu Magu umesogea. Kidogo tu.

"Bebi, hii nini?"

"Temperecha hiyo. Ni kilima, itashuka."

Haikushuka.

"Mbona inazidi?"

"Achana nayo. Sensa ya hili gari ni mbovu tangu zamani."

Dada unayesoma hapa, si unaijua sauti hiyo? Na wewe kaka, si unajua umeshawahi kuitumia?

Mshale unasema nini hasa

Injini inafanya kazi kwa kuunguza mafuta, na sehemu kubwa ya moto ule haigeuki kuwa mwendo. Lazima utolewe nje. Maji yanazunguka ndani ya injini, yanabeba joto, yanalipeleka kwenye rejeta kule mbele, upepo na feni vinayapoza, kisha wota pampu inayarudisha tena. Katikati ya mzunguko huo kuna kifaa kidogo kinaitwa thamostati. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ili ipate joto haraka, na yakifika kama nyuzijoto 82 hadi 88, kutegemea gari, kinafungua. Ndiyo maana asubuhi mshale unaanza chini kabisa, unapanda taratibu kwa dakika chache, halafu unatulia. Kwenye magari mengi unatulia karibu na katikati au chini kidogo ya hapo.

Sasa kuna siri moja ambayo wenye magari wengi hawaambiwi. Magari mengi ya miaka ya karibuni, mshale wake umetengenezwa uwe mpole. Joto linaweza kucheza kati ya 80 na 100 na kidogo, wenyewe umesimama palepale katikati ili dereva asipate presha bure. Maana yake ni kwamba mshale wa namna hiyo ukikubali kuondoka katikati, hata kwa upana wa unyoya, hali imeshakuwa mbaya. Usisubiri ufike kwenye mstari mwekundu. Jua mahali pa kawaida pa gari lako wewe, si la jirani, na likihama hapo ujue lina jambo.

Na wenye Vitz na Passo je, mbona wengi hamna mshale? Ninyi mna taa. Ya bluu inawaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto. Nyekundu ikiwaka, hakuna mjadala, tafuta pa kusimama. Taa haikupi nafasi ya kuona mambo yanaharibika polepole, kwa hiyo ninyi ndio mnaopaswa kufungua boneti mara nyingi kuliko wengine.

Kuna jingine la hatari zaidi. Mshale unaweza kupanda juu, halafu ghafla ukaanguka mpaka kwenye baridi. Watu wanashangilia, "umeona, imepoa!" Haijapoa. Sensa inapima maji yanayoigusa. Maji yakiisha, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kulala huku chuma kinaungua. Mshale uliolala wakati gari limeshatembea kilomita mia mbili ni wa kuogopwa kama uliopanda.

Dumu tatu

Wetu haukuanguka. Uliendelea kupanda mpaka nikaacha kuongea kama mchumba nikaongea kama mama mwenye nyumba: simamisha gari. Akasimamisha, kwa hasira. Mvuke ukatoka pembeni mwa boneti kama birika la mama ntilie.

Akashuka, akafungua boneti, akakunja kitambaa kwenye mkono ili afungue mfuniko wa rejeta. Hapo ndipo kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita alipopiga breki na kupaza sauti: "Kaka, acha! Unataka kwenda kuoa huna uso?" Sijui alijuaje kama tunakwenda mambo ya ndoa. Labda suti ilimtoa.

Yule kijana alituokoa. Maji ya kwenye rejeta yanakaa chini ya shinikizo, na mfuniko ndio unaolishikilia. Kwa shinikizo la kama baa moja, maji yanaweza kufika karibu nyuzijoto 120 bila kuchemka. Fungua mfuniko ghafla, shinikizo linatoka, na maji hayo yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Kitambaa hakisaidii kitu. Unasubiri nusu saa, saa nzima ikibidi, mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuungua, na ukiubonyeza usiwe umejaa kama tairi.

Basi tukasubiri. Nikaenda kwenye buti nichukue maji ya kunywa. Nikanyanyua vitenge. Chini yake kulikuwa na dumu tatu za lita tano, zimejaa maji ya bomba.

Nilirudi mbele nikamuuliza kwa upole kabisa: mtu ambaye tatizo lake ni sensa, lita kumi na tano za maji anazibeba za nini?

Kumbe gari lilikuwa linakunywa maji kwa wiki mbili. Fundi wa mtaani alishamwambia mfumo wa maji una shida, na akashauri waanze kwa kutoa thamostati, "zinasumbua tu hizi kwenye nchi za joto." Ikatolewa. Pesa ya kutengeneza vizuri ilikuwepo, lakini ilienda kwenye mbuzi, kwenye suti, na kwenye viatu vyangu nilivyokuwa nimevaa muda huo pembeni mwa barabara. Hakutaka nijue kwamba ameishiwa wiki ya kutambulishwa. Alihesabu kwamba akijaza asubuhi tutafika.

Nilikuwa na akiba kwenye simu yangu. Angeniomba ningempa siku ileile. Nilimwambia hivyo, na tukanyamaza sote kwa muda mrefu, tunasikiliza injini inavyopoa, tik, tik, tik.

Hili la kutoa thamostati limeenea sana na mafundi wengi wazuri wanalifanya, ila si tiba. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na kwenye tambarare mshale unakaa chini hadi unadhani umepona. Ugonjwa unabaki palepale, unakusubiri kilimani.

Mfuniko wa mpira uliochoka

Alipoweza kushika mpira wa rejeta, akafungua mfuniko polepole, akawasha injini na kuongeza maji kidogo kidogo. Usimimine maji baridi kwa pupa kwenye injini yenye moto. Silinda hedi nyingi siku hizi ni za aluminiamu, na mshtuko wa baridi unaweza kuipinda au kuipasua. Hapo hata gasketi haina maisha, na bili yake itakula bajeti ya fungate.

Kilomita zilizobaki hadi Tarime mjini tulizitambaa: mwendo mdogo, kiyoyozi kimezimwa, madirisha wazi, na hita ya ndani imewashwa mpaka mwisho. Ndiyo, hita, kwenye jua lile. Hita ni kama rejeta ndogo ndani ya gari, inanyonya joto la injini na kukupulizia wewe. Meikapu yangu yote ilishuka. Mshale nao ukashuka.

Fundi wa Tarime hakukimbilia spana. Aliuliza swali moja: linachemsha likiwa kwenye foleni au likiwa kwenye mwendo? Swali hilo ni nusu ya utabibu. Gari likichemsha limesimama au kwenye foleni, halafu likipoa ukianza kutembea, mtuhumiwa wa kwanza ni feni: mota, fyuzi, rilei, au mkanda kwa yale yenye feni ya mkanda. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, angalia maji yamepungua, rejeta imeziba, wota pampu imechoka au thamostati imegoma kufunguka.

Letu lilikuwa la mlimani. Akageuza mfuniko wa rejeta akatuonyesha mpira wake: umekauka na umepasuka. Mfuniko kama huo haushiki shinikizo. Bila shinikizo, kwenye mwinuko wa Tarime maji matupu yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo yalikuwa yanachemka mapema, yanatokea kwenye kichupa cha akiba na kumwagika njiani. Kila kilima kilikuwa kinakunywa chake. Juu ya hapo, mapezi ya rejeta yalikuwa yamejaa vumbi na mabua makavu. Ukishatembea barabara za huku, zile zinazopita Nyamwaga na kuelekea mgodi wa North Mara zikiwa na malori, utaelewa. Akaiosha kwa maji kutoka nyuma kuja mbele ili uchafu urudi ulikotoka, akafunga mfuniko mpya, akaweka kulanti. Mfuniko ule ulikuwa wa bei ndogo kuliko viatu vyangu. Ndogo sana.

Kulanti siyo rangi ya mapambo. Inazuia kutu, inalainisha pampu na inainua kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi zinazojenga ukoko ndani ya rejeta. Kwa dharura weka maji, lakini usiyafanye ndoa. Na uihifadhi mbali na watoto na mbwa. Ile ya kawaida ina utamu na ni sumu.

Kabla hamjafunga mabegi

Asubuhi ya safari, injini ikiwa baridi kabisa, fungueni boneti pamoja. Kichupa cha akiba kiwe kati ya alama mbili, ya chini na ya juu. Fungua na rejeta yenyewe, kwa sababu kichupa kinaweza kujaa huku rejeta ina njaa, kama ilivyokuwa kwetu. Maji yakiwa ya rangi ya kutu, yanadai kubadilishwa. Bonyeza mipira: usiwe mgumu kama ubao wala mlaini kama maandazi. Washa kiyoyozi, kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke. Chungulia chini ya gari pia. Maji safi yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi ni ya kawaida, lakini yenye rangi na utelezi ni kulanti inavuja.

Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta rojo kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hauishi kwenye ekzosi hata injini ikishapata joto, au rejeta inatoa mapovu mfululizo, usisafiri. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, na hapo dumu za maji hazisaidii hata zikiwa kumi.

Tulifika Nyakunguru saa tisa alasiri. Mashangazi wamepanga mstari, mbuzi kapoa, kichuri kimeisha. Mama akatuangalia, mimi meikapu imekauka shingoni, yeye suti ina grisi, akauliza kumetokea nini. Nilimsikia mwenzangu anavuta pumzi, nikajua sasa inakuja ile ya barabara mbovu.

"Gari lilichemsha, mama," akasema. "Na nilijua lina tatizo. Huyu ndiye aliyesema tusimame."

Mama hakumjibu. Alinishika mkono mimi, akanipeleka jikoni, na huko nikakuta sahani moja ya kichuri imefunikwa pembeni.

Jumapili, kurudi Mwanza, niliendesha mimi. Yeye alikaa kushoto, ameinamia upande wangu, anaangalia mshale. Hakuwasha muziki mpaka Bunda.