Pikipiki Huangukia Mlangoni

Wazazi wengi wa mwambao, mtoto wao anapoleta habari kuwa anataka kununua pikipiki, hofu yao ya kwanza huelekea barabara kuu. Huwaza malori ya kwenda Nairobi, huwaza matatu za Malindi zinazopitana kwa pupa, na usiku hawapati usingizi mpaka wasikie mlio wa injini uani. Hofu hiyo ina haki yake, wala sikusudii kuipunguza. Lakini anayejifunza, katika wiki zake za mwanzo, aghalabu haangukii huko. Huangukia penye lango la nyumba akigeuza, kwenye uwanja wa msikiti akiegesha, kituo cha petroli, au kichochoroni ambapo mtoto anayetembea kwa miguu angeweza kumpita. Huanguka akiwa katika mwendo wa kobe, au akiwa amesimama kabisa.

Jambo hili huwashangaza wengi kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba polepole ndiyo salama. Chombo cha magurudumu mawili kina mizani yake. Magurudumu yakizunguka kwa kasi ya kutosha, pikipiki hujisimamisha yenyewe kwa kiasi kikubwa: ikiinama kidogo, gurudumu la mbele huelekea upande ule ule na kuirejesha wima. Kasi ikishuka hadi ile ya mtu anayetembea, msaada huo huondoka, na kazi yote hubaki kwa mikono, macho na kiuno cha mwendeshaji. Aliyezoea huifanya kazi hiyo bila kufikiri. Mgeni bado hajui hata kama kuna kazi. Na chombo alichokikalia, hata kikiwa cha injini ndogo ya 100 au 125 kama vilivyojaa mitaani mwetu, kina uzito unaozidi kilo 100. Kikiwa wima, mkono mmoja watosha kukishikilia. Kikishavuka kiasi fulani cha kuinama, hata mtu mzima mwenye misuli hakizuii.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, kwenye kiwanja ambapo vijana wa mtaani kwetu hujifunzia baada ya Alasiri, ni kukamata breki ya mbele ilhali usukani umepindwa. Kijana anazunguka polepole, amegeuza usukani kuelekea kushoto, mara mbuzi anakatiza. Mkono wa kulia unajifumba wenyewe, kama mkono wa yeyote aliyeshtuka. Gurudumu la mbele linasimama papo hapo likiwa limetazama kando, sehemu ya mbele inazama, na uzito uliokuwa ukienda mbele unakosa pa kwenda isipokuwa ubavuni. Pikipiki inalala upande ule ule uliopindwa usukani, tena upesi kiasi kwamba mguu hauwahi kufika chini. Dawa yake ni mazoea, wala haihitaji nguvu. Anyooshe usukani kwanza ndipo asimame, hata kama ni kwa hatua moja tu ya mwisho. Na katika mwendo wa kutambaa atumie breki ya nyuma, ile ya mguu wa kulia, kwa ulaini, na vidole vya mkono wa kulia avikunje kwenye mshikio badala ya kuviacha vikingojea juu ya breki.

Hapa pana fundisho potofu linalosambazwa vijiweni: kwamba breki ya mbele isiguswe kamwe kwa kuwa humrusha mtu. Fundisho hili limewaumiza wengi. Barabara ikiwa imenyooka na kavu, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi ya kusimamisha, kwa sababu kasi inapopungua uzito huhamia mbele na kulikandamiza gurudumu hilo. Aliyekatazwa kuigusa hukanyaga ya nyuma peke yake kwa nguvu zote. Gurudumu hufunga, na mkia wa pikipiki huanza kuteleza kama samaki sakafuni. Afunzwe zote mbili pamoja, usukani ukiwa umenyooka, kwa kubana kidogo kidogo na si kwa kunyakua.

Baada ya breki, klachi. Mgeni huiachilia ghafla, na pikipiki ama inaruka kama punda aliyechomwa, ama injini inazima. Kuzima katika njia iliyonyooka ni aibu ndogo tu. Kuzima katikati ya kugeuza, ilhali chombo kimeinama na kinategemea mvuto wa injini ili kisimame, ni kuanguka. Na ile ya kuruka ina hatari yake: mwili hurudi nyuma, mkono wa kulia hung'ang'ania, na kwa kung'ang'ania huko huzungusha mafuta zaidi. Nimeona kijana akiupanda ukuta wa jirani kwa namna hii hii. Basi zoezi la siku ya kwanza, na hata la siku ya pili na ya tatu, liwe kuitafuta ile sehemu ambapo klachi huanza kushika: injini inaunguruma taratibu, mkono wa kushoto unaachilia unene wa kidole, pikipiki inasogea hatua mbili, mkono unabana tena. Hakuna kijana apendaye zoezi hili. Halina mlio wala mbwembwe, na wasichana hawageuki kutazama.

Macho nayo yana hukumu yake. Atazamaye shimo huingia shimoni, na atazamaye chini mbele ya gurudumu hupoteza mizani. Anayegeuza ageuze kichwa kwanza, atazame kule anakotaka kutokea, na mikono itafuata.

Tunapita upande wa kushoto wa barabara, na mwendeshaji anaposimama hushusha mguu wa kushoto ili wa kulia ubaki kwenye breki. Lakini barabara zetu nyingi zimemeguka ukingoni, na kati ya lami na mchanga pana kina cha shubiri moja au zaidi. Kijana husimama pembeni kabisa kwa adabu ili gari lipite, anashusha mguu, na mguu hauikuti ardhi pale alipoitarajia. Kufikia hapo uzito umeshahama. Aangalie mguu utakapotua kabla ya kusimama, na pikipiki yenyewe iwe ya kimo chake. Aliye mfupi akinunua ndefu kwa ajili ya sura, atailipia kila penye taa za barabarani.

Ama kuhusu ardhi, pwani yetu imejaaliwa kila aina ya utelezi. Upo mchanga mwepesi wa njia za ndani, kuanzia Lamu mpaka vitongoji vya Diani. Humo gurudumu la mbele huyumba, na mgeni hukaza mikono akijaribu kulinyoosha kwa nguvu, jambo linalozidisha kuyumba. Mikono ilegee, magoti yabane tangi, mafuta yawe ya kadiri na yasikatwe ghafla, na breki ya mbele iachwe. Mchanga mbaya zaidi ni ule mchache uliopeperushwa juu ya lami penye kona, kwa kuwa haumtishi mtu mpaka awe ameshainama. Upo udongo mwekundu wa bara la Kwale na Kaloleni, ambao masika yakianza hugeuka sabuni. Ipo mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inayochanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani kwa miezi, na dakika zake za mwanzo ni hatari kuliko saa nzima ya mvua inayofuata. Na yapo matofali ya kabro ya vituo vya petroli, ambako matone ya dizeli hayakauki.

Kisha pana Likoni. Kuteremka kuingia ferini kuna mteremko, kuna chuma kilicholowa maji ya bahari, na kuna umati usiokuwa na subira, yote kwa wakati mmoja. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kukamata breki ya mbele. Mgeni asubiri mpaka aone nafasi ya kupita moja kwa moja bila kusimama juu ya chuma, aingie kwa gia ya kwanza, usukani umenyooka, miguu yote miwili iwe juu. Na ikiwa ni wiki yake ya kwanza, bora atafute mtu aliyezoea amvushie chombo, yeye avuke kwa miguu.

Siku ya Ijumaa nayo ina msiba wake mdogo. Pikipiki hupangwa safu ndefu nje ya msikiti, bega kwa bega, na nyingi zimeegemea stendi ya pembeni juu ya mchanga. Stendi huzama kidogo kidogo huku hutuba ikiendelea, ya kwanza inalala, na kumi nyingine zinaifuata. Kipande cha ubao au jiwe bapa chini ya stendi kingetosha. Penye mteremko, pikipiki ielekezwe juu na iachwe kwenye gia ya kwanza ili isiserereke. Wakati wa kuondoka kuna mitego miwili ya kusahau. Mmoja ni kufuli la cheni aliyoifunga mwenyewe kwenye gurudumu kwa kuogopa wezi. Wa pili ni stendi iliyoachwa chini, ambayo kona ya kwanza ya kushoto hugonga ardhi na kuunyanyua mwili mzima wa pikipiki.

Mavazi yetu pia yanadai akili. Kanzu ni vazi la heshima, lakini hunaswa na mkono wa kiki au sehemu ya kukanyagia hasa pale mguu unapotakiwa ushuke haraka. Ikunjwe na kufungwa kiunoni juu ya suruali. Buibui na leso hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa pembe inayopepea ikiingia kwenye cheni au spoki humvuta mvaaji mwenyewe. Wengi wa mama na dada zetu hukaa ubavu kwa ajili ya sitara. Nawaelewa. Lakini ukaaji huo huweka uzito upande mmoja na kumwacha abiria bila pa kujishikilia kwa miguu, na mikononi mwa mwendeshaji mgeni ni sababu tosha ya kuanguka. Suruali pana chini ya buibui, vazi likakusanywa na kukaliwa, husitiri vyema na kumwezesha abiria kukaa kwa kupanua miguu. Atakayeona uzito katika hilo apande tuktuk.

Hata hivyo, mgeni asipakie mtu yeyote, awe mama yake au rafiki yake. Abiria huongeza uzito juu na nyuma, huegemea upande asiotarajiwa, na husogea pale pikipiki inaposimama. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, na ikiwa nusu nusu ni mibaya zaidi, maana maji hucheza. Sheria yetu inaruhusu abiria mmoja tu, na inawataka wavae kofia ngumu na jaketi la kung'aa; inataka pia leseni ya daraja lake, na kwa kazi ya bodaboda daraja hilo ni A3. Ajabu ni kwamba kwenye kiwanja kile kile cha mazoezi, mwalimu mwenyewe huketi nyuma ya mwanafunzi, akimzidishia mzigo asioweza kuubeba. Mwalimu atembee kando.

Nasema haya kwa sababu najua pesa za pikipiki zinatoka wapi. Nyingine ni akiba ya chama cha akina mama, nyingine ni dhahabu ya mama iliyouzwa, na nyingi ni mkopo unaolipwa kila siku. Deni huanza kuhesabiwa siku ile ile chombo kinapoletwa, na hilo ndilo linalomtoa kijana stendi kutafuta abiria kabla hajajua kugeuza penye lango lake. Familia ikikaa kupanga mkopo, ihesabu pia wiki tatu ambazo pikipiki haitaleta hata shilingi moja, na iziweke pembeni fedha za wiki hizo. Ni kiasi kidogo ukikilinganisha na kifundo cha mguu kilichovunjika cha mtu anayetegemewa na nyumba nzima.

Na kifundo hicho huvunjika mara nyingi kwa sababu kijana alijaribu kuiokoa pikipiki. Aliona rangi mpya inakwenda kukwaruzika, akatia mguu chini yake. Pikipiki ikishakataa kusimama, iachwe ilale, na mtu aruke pembeni. Ikilala upande wa kulia, ekzosi ikagusa ngozi ya mguu, paoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20; dawa ya meno, mafuta na ute wa yai visikaribie jeraha hilo.

Kuinyanyua kuna njia yake. Zima swichi, na kama kuna kifungo cha petroli kifunge. Ikiwa imelala kulia, ishushe stendi ya pembeni mapema ili ikifika wima isipitilize upande wa pili. Igeuzie mgongo, chuchumaa makalio yakiwa kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma hatua fupi fupi, mgongo ukiwa umenyooka. Ikisimama usiipige kiki papo hapo. Ngoja harufu ya petroli iishe, tazama kama usukani haukupinda, na kama kikanyagio cha breki hakikubonyea kikalibana gurudumu. Mkono wa klachi ukivunjika ncha, na vidole viwili bado vinaenea juu yake, waweza kuifikisha kwa fundi taratibu. Ukivunjika shinani, isukume.