Askari Anaposema Amepigwa

Yapo mashitaka ambayo ni mepesi kumbandika mtu na magumu kuyabandua. Mojawapo ni kumshambulia askari akiwa kazini. Mara nyingi shahidi mkuu ni askari huyo huyo, pamoja na wenzake. Mshitakiwa akisema yeye ndiye aliyepigwa, nani atamwamini?

Wiki hii nimechagua kesi moja ya London. Machi 1972, vijana wanne weusi walizuiwa na askari kanzu katika kituo cha treni cha Oval, wakatuhumiwa wizi wa mikoba ya abiria. Ukazuka ugomvi. Kiongozi wa askari hao, Derek Ridgewell, aliyewahi kuwa polisi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alidai vijana wamekiri. Wao wakasema walikiri kwa kipigo. Mahakama iliwatia hatiani kwa jaribio la wizi na kushambulia askari.

Walikata rufani. Kifungo kikapunguzwa hadi miezi 8, lakini hatia ikabaki. Hapa wengi huchanganya mambo. Kupunguziwa adhabu si kusafishwa jina. Adhabu huisha siku unapotoka gerezani. Hatia hukufuata hadi kwenye mlango wa mwajiri.

Mwaka 1973 jaji mwingine alisimamisha kesi ya Ridgewell dhidi ya wanafunzi wawili kutoka Rhodesia. Je, alifukuzwa kazi? La. Alihamishiwa upelelezi wa wizi wa mifuko ya posta. Fisi akakabidhiwa bucha! Mwaka 1980 alifungwa miaka 7 kwa kuiba mifuko hiyo hiyo, akafia gerezani mwaka 1982.

Hata hapo, kesi zake za zamani hazikuguswa. Ilibidi mtu mwingine aliyetiwa hatiani kwa ushahidi wake apige simu kwenye kipindi cha sheria redioni, ashauriwe kumchunguza askari aliyemkamata. Huyo alishinda rufani Januari 2018. Watatu wa Oval wakafuata Desemba 2019, na wa nne Machi 2020. Jaji Mkuu alisikitika kwamba haki ilichukua karibu miaka 50.

Sisemi kila askari ni mwongo. Wapo wanaopigwa kweli, na sheria iwalinde. Ninachosema ni kwamba askari akithibitika kuwa mhalifu, kesi alizozijenga zifunguliwe upya mara moja, kabla vijana aliowafunga hawajawa wazee.