Kelele Huingia Hatua ya Kwanza: Priampu za Studio Kati ya Suam na Bungoma

Mto Suam huanzia Mlima Elgon, ukawa mpaka wa Kenya na Uganda kwa kipande, kisha ukateremkia nyanda za joto na kubadili jina kuwa Turkwel. Huko chini maji yake yamezuiwa na bwawa lenye ukuta wa mita 153, na mitambo yenye uwezo wa megawati 106 huyageuza kuwa umeme unaoingia katika gridi ya taifa. Umeme wa gridi hiyo huenda na kurudi kwa mzunguko wa mara 50 kila sekunde. Maprodyuza wa Kitale, Kimilili na Bungoma wanaujua mzunguko huo hata kama hawajawahi kukanyaga Turkwel. Ni ule mvumo mzito unaosikika kwenye hedifoni mwimbaji anapovuta pumzi.

Mvumo ukizidi, lawama huiangukia priampu, yaani kile kisehemu cha miksa au cha kadi ya sauti kinachopokea maikrofoni na kuikuza sauti yake kabla ya kitu kingine chochote kuigusa. Mwenye studio huanza kuweka akiba anunue nyingine. Mara nyingi hizo ni pesa za bure.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hii mazungumzo yote ya priampu hubaki porojo. Mzee wa Kibukusu amekaa na litungu lake, anadonoa nyuzi taratibu. Mbele yake kuna Shure SM57, maikrofoni iliyozagaa duniani kote. Kwa mujibu wa watengenezaji, hutoa milivolti 1.6 sauti inapofika desibeli 94. Litungu likidonolewa kwa upole, na sauti iwe desibeli 70 pale maikrofoni ilipo, kinachotoka kwenye waya ni kama milivolti 0.1. Kiwango ambacho vifaa vya studio hutumia kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe ni volti 1.23. Ili kufika hapo, sauti ya mzee lazima ikuzwe zaidi ya mara 12,000, na chochote kilichopenya katika ile milivolti 0.1 nacho kitakuzwa mara 12,000. Hatua za mbele haziwezi kutenganisha wimbo na takataka. Ndiyo maana mafundi wa elektroniki hutumia akili zao nyingi kwenye hatua ya kwanza.

Kuna kelele ambayo hakuna fundi anayeweza kuiondoa. Mwaka 1928 John Johnson na Harry Nyquist wa Bell Labs, Marekani, walichapisha maelezo yake: joto lenyewe huzitikisa elektroni ndani ya kila kipande chenye ukinzani, na mtikisiko huo ni volti ndogondogo zisizo na mpangilio. Maikrofoni yenye ukinzani wa omu 150, hata ikiwa kwenye chumba kimya kabisa, hutoa takriban maikrovolti 0.2 za "shhh" katika masafa yote ambayo sikio husikia. Priampu bora kabisa huongeza kidogo tu juu ya hapo. Priampu mbovu huweza kuongeza maradufu au zaidi.

Sasa angalia jambo moja. Kelele ikiwa maradufu, umepoteza desibeli 6. Ukisogeza maikrofoni karibu na chombo hadi umbali ubaki nusu, unapata desibeli hizohizo 6, bure. Mrekodi wa muziki Hugh Tracey alilijua hilo alipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 na kurekodi, miongoni mwa mengine, wimbo wa Chemirocha kutoka kwa wasichana wa Kikipsigis. Alikuwa akishika maikrofoni mkononi na kuifuata sauti, akiisogeza palipo na jambo. Vifaa vyake visingeshindana na kadi ya sauti ya leo, lakini rekodi zake bado zinasikilizwa.

Wapo watakaosema mbona kila mtu mashuhuri anasifu priampu za gharama, kama ile 1073 ambayo Mwingereza Rupert Neve aliibuni mwaka 1970 na ambayo bado inaigwa. Sibishi. Hukuza hadi desibeli 80, na transfoma yake ya kuingilia huipa sauti rangi ambayo wengi wanaipenda. Lakini rangi ni suala la ladha. Haitatibu waya uliokatika ndani ya plagi.

Na chinyimba je? Mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa kutahiri kwa Wabukusu, vijana huzigonga njuga hizo za chuma kwenye bangili za mikononi, na mgongano wake hupasua masikio. Hapo tatizo linageuka: priampu inazidiwa, kilele cha sauti kinakatwa, na kila mgongano unatoka kama karatasi inayochanwa. Dawa ni kubonyeza kitufe cha kupunguza sauti kabla haijaingia kwenye kikuzaji, kile kilichoandikwa desibeli 20 kwa alama ya kutoa. Kupunguza kwenye kompyuta baadaye hakusaidii, kwa sababu kilichokatwa hakirudi.

Tufungue kifaa. Saketi nyingi za sasa hutumia chipu kama INA217, na kiwango cha kukuza hupangwa na rezista moja kati ya miguu yake miwili. Kanuni yake ni omu 10,000 ugawanye kwa ukinzani wa rezista hiyo, kisha uongeze 1. Kwa hiyo ukitaka kukuza mara 1,000 hivi, ukinzani unaotakiwa ni omu 10 tu. Kile kitasa unachozungusha ndicho rezista yenyewe. Vumbi la kiangazi la Trans Nzoia likiingia humo na kuongeza omu moja, kiwango kinashuka kwa karibu asilimia 10, na ukigusa kitasa unasikia mkwaruzo. Dawa ya kusafishia kontakti inaweza kumaliza ugonjwa huo. Mkwaruzo ukibaki, shuku kapasita inayovujisha umeme.

Lakini kabla ya kufungua chochote, tengeneza chombo cha uchunguzi ambacho kila studio ingepaswa kuwa nacho. Chukua plagi ya XLR ya kiume, lehemu rezista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3, funga kifuniko chake cha chuma. Kwa priampu, hiyo ni maikrofoni iliyo kimya. Zima umeme wa fantomu, ule ambao priampu huipelekea maikrofoni kupitia waya, ichomeke mahali pa waya, pandisha geini, sikiliza. Kelele ikiendelea, kosa limo ndani ya kifaa au kwenye umeme wake. Ikinyamaza, acha priampu salama. Tafuta kwenye waya, maikrofoni au chumba.

Kosa likiwa ndani, sikio linaweza kukuongoza. Mvumo mzito wa mara 50 kwa sekunde kwa kawaida hutoka kwenye uwanja wa sumaku wa transfoma ya umeme iliyo karibu mno, au kwenye mzunguko wa waya za ardhi. Ukiwa mkali kidogo, wa mara 100, kapasita kubwa za pawa zimekauka, zibadilishe kwanza.

Ile "trrr-tik-tik" inayokuja kabla simu haijalia ni habari nyingine. Simu ya GSM hurusha mawimbi kwa vipande 217 kila sekunde, na ikiwa mbali na mnara hupandisha nguvu hadi wati 2. Mawimbi hayo hutumia waya wa maikrofoni kama antena, na transista ya kwanza huyageuza kuwa sauti. Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy alionyesha chanzo kimoja kikubwa cha balaa hili: watengenezaji huunganisha pini ya 1, yaani ngozi ya waya, kwenye bodi badala ya kuifunga moja kwa moja kwenye bati la kifaa. Fundi mwenye lehemu anaweza kusahihisha hilo kwa waya mfupi.

Umeme wa fantomu nao unapimika kwa mita ya kawaida. Volti 48 zake zina asili ya ajabu: mwaka 1966 Neumann ilipoitengenezea NRK, shirika la utangazaji la Norway, maikrofoni za transista, studio hizo tayari zilikuwa na volti 48 za taa za dharura, zikatumika hizohizo. Bila maikrofoni, pima kati ya pini ya 1 na ya 2, kisha ya 1 na ya 3. Vipimo visipolingana, rezista moja ya omu 6,800 imeharibika au kapasita inavuja. Na usichomeke wala kuchomoa waya fantomu ikiwa imewashwa. Kapasita zilizojaa volti 48 humwaga umeme wote kwenye chipu kwa mkupuo.

Limebaki la mzunguko wa ardhi, ambalo ndilo huponza watu. Kompyuta ikiwa kwenye soketi ya ukuta huu na miksa kwenye ya ukuta ule, njia mbili za ardhi hujenga kitanzi, na mvumo huingia. Wengine huchomoa waya wa ardhi ndani ya plagi ya miguu mitatu, na kweli mvumo hutoweka. Usifanye hivyo kamwe. Siku kifaa hicho kitakapopata hitilafu, volti 240 zitapanda kwenye bati, zipite kwenye ngozi ya waya, zifike kwenye maikrofoni iliyo mdomoni mwa mwimbaji. Nunua ekstensheni nzuri, chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na mvumo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha sauti kati ya vifaa viwili. Waya wa ardhi uache mahali pake.