Dawa ya viazi inavyoweza kukwamisha kontena la parachichi

MKULIMA wa Rungwe anapobeba bomba la dawa kwenda kunyunyizia viazi, huwa hafikirii Ulaya. Anafikiria ukungu, maana katika milima inayozunguka Tukuyu mvua ikishika siku mbili tatu mfululizo, shamba zima la viazi huweza kunyauka. Lakini pembeni mwa viazi hivyo, au katikati yake, imesimama miti ya parachichi aina ya Hass ambayo matunda yake yanasubiriwa na mnunuzi wa soko la nje. Upepo ukivuma, dawa haichagui mti.

Hapo ndipo penye tatizo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 396 ya mwaka 2005 iliyoanza kutumika kikamilifu Septemba 2008, umepanga kiwango cha juu cha mabaki ya viuatilifu kwa kila zao. Dawa isiyopangiwa kiwango chake hupewa cha jumla, yaani miligramu 0.01 kwa kilo. Kwa lugha ya mizani ni gramu 1 katika tani 100 za matunda.

Dawa zinazowakwamisha wakulima mara nyingi si za ajabu, ni zile zile walizozizoea. Klopirifosi, inayofahamika kwa kuua mchwa, ilinyimwa kibali kipya Ulaya Januari 2020, na kuanzia Novemba mwaka huo kiwango chake kikashushwa hadi hiyo 0.01. Mankozebu, dawa ya ukungu ya wakulima wengi wa viazi na nyanya, nayo haikuongezewa kibali Desemba 2020.

Muuza pembejeo hawezi kulaumiwa kwa kuuza dawa iliyosajiliwa nchini. Usajili huo, uliokuwa ukifanywa na TPRI ya Arusha kabla ya sheria ya mwaka 2020 kuunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, unamruhusu mkulima kuitumia hapa. Haumhakikishii kwamba tunda litapokewa bandarini Ulaya. Hayo ni mambo mawili, na wengi huyachanganya.

Hasara nayo haimwangukii mwenye kosa peke yake. Matunda ya wakulima wengi huchanganywa kwenye kituo cha kufungashia, kisha husafiri majuma kadhaa baharini. Sampuli moja ikikutwa na mabaki, shehena inaweza kukataliwa au kuteketezwa, na taarifa yake husambazwa kwa nchi zote wanachama ikitaja nchi ilikotoka. Kikundi chenye cheti cha GlobalGAP nacho huweza kusimamishiwa cheti kwa sababu ya mwanachama mmoja.

Kwa wanaofikiria kukamua mafuta badala ya kuuza matunda, kuna sheria nyingine, REACH, iliyoanza Juni 2007 na kusimamiwa na wakala wa kemikali ulioko Helsinki, Finland. Inataka kemikali inayoingizwa Ulaya kuanzia tani 1 kwa mwaka isajiliwe. Habari njema ni kwamba chakula na mafuta ya mimea yasiyobadilishwa kikemikali, yakiwamo ya parachichi, yamesamehewa usajili. Mafuta ya kunukia ni suala jingine, kwani mengi yana viini vinavyohesabiwa kuwa na madhara, hivyo hukosa msamaha huo. Anayesajili si mkulima wala kiwanda cha hapa, bali mwagizaji wa Ulaya au mwakilishi aliyeteuliwa huko. Mfanyabiashara amuulize mnunuzi jambo hilo kabla ya kununua mtambo.

Shambani, kazi ni ndogo lakini inataka ukaidi: kupata kutoka kwa mnunuzi orodha ya dawa zinazokubalika msimu huu, maana hubadilika, kuwa na bomba la parachichi lisilotumika kwa viazi, kusubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma, na kuandika kwenye daftari tarehe, jina la dawa na kipimo. Mkaguzi akifika, daftari hilo ndilo litakaloombwa kwanza, na asiye nalo hana namna ya kuthibitisha kwamba hakupuliza.